Kuondoa Maandishi ya Zamani Garini

Magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani huletwa Kenya yakiwa bado na majina ya kampuni za huko, yaliyobandikwa ubavuni. Mnunuzi atakaye kuyaondoa mara nyingi hushika kisu. Hilo ni kosa. Kisu hukwaruza rangi hata bati likaonekana, na bati lililo wazi huliwa na kutu. Basi mtu aliyetaka kuokoa saa moja hulipa gharama ya kupaka rangi upya.

Stika mpya ni laini, lakini jua la miaka mingi huikausha plastiki yake, ikawa hukatika vipande vipande. Dawa yake ni joto. Osha gari kwanza kwa maji na sabuni. Kisha ipashe stika kwa mashine ya kukaushia nywele, hata iwe ya moto lakini mkono waweza kuistahimili. Inua pembe moja kwa kadi ya plastiki, uivute polepole. Ikianza kukatika, ipashe tena.

Gundi isaliayo ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mashine ikiwa imezimwa na moto uwe mbali. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na mwisho uoshe kwa sabuni.

Usistaajabu ukiona herufi zingali zasomeka. Huo si uchafu: rangi iliyofunikwa haikupigwa na jua, na ile ya kando imepauka. Usiisugue kwa msasa. Ing'arishe kwa polishi, na tofauti itapungua.