Hamira iliyofundishwa kutengeneza dawa ya malaria

Kila anayevuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu kwa baiskeli anajua faida ya spea. Boliti ya namba 10 iliyonunuliwa Kigoma huingia kwenye nati ya namba 10 iliyonunuliwa Bujumbura, kwa sababu waliozitengeneza walikubaliana kipimo kimoja. Bila makubaliano hayo kila fundi angechonga boliti yake mwenyewe, na baiskeli ikiharibika njiani safari ingeishia hapo.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanasayansi wamekuwa wakijaribu jambo hilo hilo kwa viumbe hai. Mwaka 2003 Tom Knight wa chuo cha MIT, Marekani, aliyetokea kwenye uhandisi wa kompyuta, alipendekeza kipimo kimoja cha kuunganisha vipande vya DNA. DNA ni kama maandishi yaliyomo ndani ya chembe hai. Kipande chake kiitwacho jeni huielekeza chembe kutengeneza protini fulani, na protini ndizo mafundi: moja hukata, nyingine huunga, nyingine hubeba. Knight alitaka vipande vyote viwe na ncha za aina moja ili viungane bila taabu. Elimu hii inaitwa baiolojia sintetiki.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nilisomea Ulyankulu, Tabora, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa mwaka 1972, na tukarejea Burundi mwaka 2008. Ninapofundisha somo hili sitafuti mfano mbali. Naanza na dawa ya mseto ya malaria, ambayo karibu kila nyumba hapa imeitumia.

Nguvu ya dawa hiyo hutokana na artemisinini, ambayo Tu Youyou na wenzake huko China waliipata mwaka 1972 katika mmea wa artemisia. Mama huyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea huo umelimwa pia Kenya, Tanzania na Uganda, na shida yake ni ile tunayoijua kwenye mahindi na maharage. Mwaka 2005, dawa ilipoadimika, kilo moja ya artemisinini ilipita dola 1,000 za Kimarekani. Wakulima wakakimbilia kupanda, na haikupita miaka mitatu bei ikaporomoka hadi chini ya dola 200. Wengi wakaliacha zao hilo.

Profesa Jay Keasling wa Berkeley, California, aliona njia nyingine: kuwahamisha mafundi wa mmea na kuwaweka ndani ya kiumbe kinachokua upesi. Mwaka 2003 kikosi chake kiliweka jeni za hamira na jeni ya artemisia ndani ya bakteria. Mwaka 2006 wakahamia kwenye hamira yenyewe, jamii ile ile tunayoumulia maandazi. Hamira ina malighafi yake tayari. Protini moja ya artemisia huigeuza umbo, nyingine huiongezea oksijeni, na inapatikana asidi ambayo wanakemia huimalizia kuwa artemisinini. Mwanzoni lita moja ilitoa kama gramu 0.1 ya asidi hiyo. Kufikia mwaka 2013, baada ya kuongezwa vipuri vingine vya mmea vilivyokuwa vimekosekana, lita moja ilitoa gramu 25.

Mama mmoja muuza dagaa, mzazi wa mwanafunzi wangu, aliniuliza: "Mwalimu, hiyo ya hamira si dawa feki?"

"Hapana, mama. Artemisinini ni ile ile, iwe imetoka shambani au kwenye pipa."

Akafikiri kidogo, kisha akauliza swali la mfanyabiashara: "Sasa iliyo rahisi ni ipi?"

Hilo ndilo swali lililoamua mambo. Kampuni ya Sanofi ilianza uzalishaji mwaka 2013 huko Garessio, Italia, ikiwa na uwezo wa kufikia tani 50 hadi 60 kwa mwaka. Iliuza kilo moja kati ya dola 350 na 400, bila kutafuta faida. Lakini artemisinini ya shambani ilikuwa imeshuka chini ya dola 250. Wanunuzi wakafuata bei, na mwaka 2015 kiwanda hicho hakikutengeneza hata kilo moja ya hamira.

Je, kazi ilipotea bure? Mimi nasema hapana. Ujuzi huo ni akiba, siku ukame au vita vikikatiza mavuno. Lakini tukumbuke pia kwamba hamira ingeshinda kwa bei, mkulima wa artemisia wa kwetu angebaki na shamba lisilo na mnunuzi. Kila uvumbuzi wa namna hii ukija, tuulize kama unafanya kazi, na tuulize vile vile nani atapata na nani atakosa.

Wakati huo huo vimelea vya malaria navyo vinabadilisha spea zake. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda vimelea ambavyo kiungo cha 561 katika protini yao moja kimebadilika, na vya aina hiyo huchelewa kufa kwa artemisinini. Badiliko hilo limeonekana pia Kagera, na Uganda yameonekana mengine. Vimelea havisimami forodhani. Basi tusinunue vidonge vya kuhesabiwa mkononi sokoni, na dozi ya siku tatu tuimalize siku tatu, hata kama homa imeshuka siku ya pili na mzigo unatusubiri ng'ambo.