Kifafa si kile cha kuanguka tu

Ukitaja kifafa Kyela, picha inayokuja kichwani ni moja: mtu kaanguka, anatukutika mwili mzima, povu linamtoka, na watu wamesimama mbali wakiogopa mate. Woga huo unaua. Mtu akiangukia kwenye moto au kwenye maji ya Ziwa Nyasa na hakuna anayemsogelea, dakika chache zinatosha kummaliza. Na mate hayaambukizi kifafa.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo. Nyingi zikifyatuka pamoja bila mpangilio, kifafa kinamshika mtu, na dalili zinategemea kimeanzia wapi. Kikianzia sehemu moja ya ubongo, mkono mmoja unaweza kurukaruka, au mtu akatafunatafuna na kupapasa nguo, ukimwita haitiki. Mtaani watasema kalewa, au ana mapepo. Kikishika pande zote mbili, ndipo anapokakamaa, anaanguka na kutukutika. Ila kipo kingine cha pande zote kisicho na kishindo: mtoto darasani anakodoa macho sekunde chache, kisha anaendelea kuandika. Mwalimu anamwita mzembe.

Sababu? Malaria iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, na tegu wa nguruwe. Wapenzi wa kitimoto, sikilizeni: nyama isiyoiva inakupa tegu tumboni. Mayai yake yakitoka kwenye kinyesi yakafika mikononi au kwenye mboga, anayeyameza anaweza kupata vifuko vya mabuu ubongoni, hata kama hajawahi kuonja nguruwe. Choo na sabuni ndiyo kinga. Usubi nao, unaoenezwa na inzi weusi wa mito yenye kasi, umehusishwa na kifafa kule Mahenge. Rungwe na Kyela nako usubi upo, hivyo dawa zake zikigawiwa kijijini, nyumbani wasizikwepe.

Mwenzako akishikwa, ondoa vitu vya hatari, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, tazama saa. Usimbane kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, hospitali haraka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria wenye kifafa ni kama milioni 50, na hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kushikwa wakitibiwa vizuri. Kwa hiyo ukimjua anayefichwa ndani nyumbani kwenu, likizo hii mpeleke kliniki. Akishaanza dawa, asiziache eti kwa sababu kaona nafuu.