Mtoto Asiyetulia: Je, Kizibao Kizito Kinaweza Kumsaidia?

Mama mwenzangu, ukisimama kituo cha daladala cha Mkuyuni asubuhi, sikiliza. Honi, makonda wakiita abiria wa Buhongwa, muziki wa dukani, mlio wa fundi anayekata vyuma. Wewe umekwisha kuzoea, husikii tena. Lakini yuko mtoto ambaye kelele hizo zote humwingia kwa mara moja, kwa nguvu ile ile. Hujitupa chini, huziba masikio, hujing'ata mkono. Watu husema, "Amedekezwa, mchape." Wengine hunong'ona kuhusu mapepo. Na mama yake hurudi nyumbani amejitanda kanga usoni kwa aibu, akiazimia kutomtoa tena mtoto nje.

Tuzungumze juu ya mtoto huyo, kwa sababu fimbo haimsaidii, na kumfungia ndani hakumsaidii.

Milango ya fahamu

Tulifundishwa shuleni kuwa milango ya fahamu ni mitano. Wataalamu huongeza mingine: hisia ya mwili kujua ulivyosimama usianguke, na hisia itokayo kwenye misuli na viungo, inayokuambia mkono wako uko wapi hata ukiwa gizani. Mtaalamu wa Kimarekani, A. Jean Ayres, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 kwamba baadhi ya watoto hushindwa kupanga vizuri habari zinazotoka katika milango hiyo. Watoto wengi wenye usonji wako hivyo, na hata baadhi ya wale ambao hawawezi kukaa kitako darasani. Mwingine huumizwa na lebo ya shati shingoni. Mwingine hahisi vya kutosha, kwa hiyo hujigonga na kurukaruka ili auhisi mwili wake.

Somo kutoka kwa ng'ombe

Sisi wa kanda hii tunawajua ng'ombe. Tumewaona wakipitishwa katika njia nyembamba ya mbao wanapochanjwa. Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1947, aliona jambo hilo hilo akiwa msichana katika ranchi ya shangazi yake huko Arizona. Aliona kuwa baadhi ya ng'ombe walitulia walipobanwa ubavuni. Akaingia mwenyewe, akabanwa, na hofu yake ikapungua. Baadaye alijitengenezea mashine ya mbao ya kumkumbatia, kwa kuwa kukumbatiwa na watu kulimzidi nguvu. Msichana yule akawa profesa wa sayansi ya wanyama, na mwaka 1992 aliandika katika jarida la kitabibu juu ya faida ya mgandamizo huo.

Vizibao vizito, mikanda mizito na fulana za kubana vinavyouzwa leo vinafuata wazo hilo. Bibi zetu walilijua kwa njia yao: mtoto anayelia hufungwa mgongoni kwa mbeleko, akabanwa vizuri, akatulia.

Saa inayosoma jasho

Siku hizi kuna vifaa vya kuvaa mkononi kama saa. Mtu akiwa na wasiwasi, jasho jembamba hutoka kwenye ngozi na mapigo ya moyo hubadilika. Kifaa hupima hayo, kisha humjulisha mzazi kwa simu, au humtetemesha mtoto polepole ili ajue mwili wake umeanza kupanda, apumue kabla hajalipuka.

Profesa Rosalind Picard wa chuo cha MIT huko Marekani ni mmoja wa waliovianzisha. Mwanafunzi mmoja aliazima vifaa vyake amvalishe mdogo wake mwenye usonji asiyeweza kusema. Siku moja kipimo cha mkono mmoja kilipanda mno. Walipofuatilia, waligundua kuwa muda mfupi baadaye mtoto alipatwa na kifafa. Kutokana na hayo ilitengenezwa saa ya kutambua degedege la kifafa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018.

Hapa pana funzo kwetu hata kama hatuna saa hiyo: mtoto anaweza kuonekana ametulia kwa nje, huku ndani anaungua. Na kifafa huwapata watoto wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wengine. Ukimwona anakodoa macho bila kusikia au anakakamaa, mpeleke hospitali.

Vinafaa kweli?

Tuseme ukweli ili usiuze mbuzi kununua kisichofaa. Uchunguzi mwingi wa vifaa hivi umefanywa kwa watoto wachache, na matokeo yanatofautiana. Uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa blanketi zito halikuwaongezea usingizi watoto wenye usonji, ingawa watoto na wazazi walilipenda. Kifaa ni msaada tu, wala hakiponyi usonji. Kipimo chako kiwe mtoto mwenyewe: akitulia, endelea; akikataa, acha.

Ya kufanya nyumbani

1. Andika kwa wiki mbili: alilipuka saa ngapi, wapi, baada ya nini. Utaona mwendo wake.

2. Mpe kazi nzito kabla ya safari ya sokoni au kanisani: kupandisha ndoo ndogo ya maji mlimani, kukanda unga wa chapati, kusukuma gunia. Misuli ikifanya kazi, mwili hutulia.

3. Mwombe fundi cherehani ashone kizibao chenye mifuko midogo, utie maharage. Kisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto: mwenye kilo 20, kisifike kilo 2. Avae dakika 15 hadi 20, kisha avue.

4. Mahali penye spika kubwa, kaa naye karibu na mlango, na umvalishe vizuia kelele vya masikioni kama wavaavyo mafundi.

Tahadhari

Usimvalishe mtoto kitu kizito akiwa amelala, wala usimvalishe mwenye matatizo ya kupumua au ya moyo kabla ya kumwona daktari. Usimviringishe katika blanketi wala kumfunika uso. Huko Kanada mwaka 2008, mtoto wa miaka tisa mwenye usonji alifariki baada ya kuviringishwa katika blanketi zito shuleni. Anachovaa mtoto, aweze kukivua mwenyewe. Na kisitumike kamwe kama adhabu.

Mfikishe mtoto kwa daktari wa watoto. Kwa sisi wa Mwanza, Bugando ni karibu. Uliza pia habari za mtaalamu wa tiba kwa vitendo, kada inayofundishwa KCMC, Moshi. Mwalimu akisema hamtaki darasani, mkumbushe kwa upole kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake.

Mwisho, mama, usibebe peke yako. Keti na baba watoto, na mama mkwe, na mwalimu wa shule ya Jumapili, uwaeleze kinachomsumbua mtoto na kinachomtuliza. Wakijua, hawatatafuta fimbo tena. Watampisha akae karibu na mlango.