Je, bima yako itakununulia gari jingine?

Kwa familia nyingi za Kawangware na Kibera, gari ni chombo cha kazi. Alfajiri hubeba mboga kutoka Marikiti, mchana hubeba abiria, na karo ya watoto hutoka humo humo. Likigongwa Barabara ya Naivasha au Ngong, riziki ya nyumba nzima husimama. Hapo ndipo wengi hutambua kwamba hawakujua walinunua bima ya namna gani.

Sheria ya Kenya, Sura ya 405, humlazimu mwenye gari awe na bima ya kuwafidia watu wengine watakaouawa au kujeruhiwa na gari lake. Hii ndiyo bima ya bei nafuu ambayo wengi hununua ili wasisumbuliwe na polisi. Lakini, msomaji, bima hiyo haitakulipa hata senti moja kwa gari lako mwenyewe. Anayetaka gari lake lilipiwe hana budi kuchukua bima kamili.

Je, ukigongwa na mwingine? Andika nambari ya gari lake, simu yake na jina la kampuni yake ya bima. Piga picha, kisha uripoti polisi na uchukue abstrakti. Ukizungushwa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Usilaze damu, kwani madai ya uzembe barabarani hufungwa baada ya miaka 3.

Mwenye bima kamili naye asikimbilie kwa fundi wa mtaani. Aarifu kampuni mara moja, na gari lisiguswe kabla ya mkaguzi kuliona. Hata hivyo, kuna sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe. Kiasi chake kimeandikwa kwenye mkataba.

Wengine hupunguza thamani ya gari ili walipe ada ndogo. Tuseme gari ni la Sh800,000 nawe umelikatia bima ya Sh600,000. Likiharibika kwa Sh200,000, kampuni inaweza kukulipa robo tatu tu, yaani Sh150,000. Zilizobaki zatoka mfukoni mwako.

Gari likiharibika kabisa, fidia hufuata bei ya soko ya siku ya ajali, wala si bei uliyolinunulia. Ikiwa ulikopa benki, benki hulipwa kwanza. Kinachosalia ndicho cha kutafutia gari jingine. Kwa hivyo usitie sahihi hati ya kukubali malipo kabla ya kuulizia bei za magari kama lako katika yadi kadhaa. Ukishatia sahihi, ni vigumu kudai zaidi.

Tena chunguza kampuni yenyewe. Wakenya hawajasahau Kenya National Assurance iliyoanguka mwaka wa 1996, United Insurance mwaka wa 2005 na Blue Shield mwaka wa 2011. Halmashauri ya Kusimamia Bima, IRA, hutoa orodha ya kampuni zenye leseni, na ndiyo hupokea malalamishi ya wenye bima.

Tahadhari kabla ya hatari. Leo ni Jumapili: itoe ile hati kabatini, mketi mke na mume, muisome hadi ukurasa wa mwisho. Msipoelewa jambo, kesho mwulizeni wakala wenu kabla gari halijaingia barabarani.