Mteja Husema Kabla Hajafungua Kinywa

Sokoni Ngamiani, jijini Tanga, mnunuzi wa khanga haanzi na bei. Huikunjua doti, akasoma jina, akalisugua pindo kwa vidole viwili kupima uzito wa kitambaa, kisha akamtazama shoga aliyefuatana naye. Muuzaji mzoefu hapo hunyamaza. Bei isipomridhisha, mnunuzi huirudisha khanga na kuondoka, lakini kwa mwendo wa taratibu, akingoja kuitwa: "Njoo basi dada, unatoa ngapi?"

Ujuzi huo wa kuusoma mwili wa mteja ni mtaji hata kwenye maonesho ya biashara. Sabasaba, yanayoandaliwa na mamlaka ya maendeleo ya biashara, TanTrade, kila mwaka katika Uwanja wa Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, yana mabanda mengi kiasi kwamba mgeni huamua kuingia au kupita kwa kutupa jicho tu. Muuzaji aliyekaa nyuma ya meza, macho kwenye simu, amekwisha kumfukuza. Aliyesimama pembeni ya meza, mikono wazi, amemkaribisha.

Mgeni akishaingia, itazamwe pia miguu yake. Kwa adabu za pwani mtu huitikia kwa kichwa hata asipotaka kitu, lakini vidole vya miguu vikielekea njiani, maelezo yafupishwe, apewe kipeperushi aende zake.

Mwanaanthropolojia Edward T. Hall aliandika mwaka 1966 kwamba watu wasiozoeana sana huzungumza kwa raha wakiwa umbali wa mita 1.2 hivi au zaidi. Ila aliowachunguza walikuwa Wamarekani. Tanga, kijana anayeinamisha macho mbele ya mtu mzima anaonyesha heshima, si uongo. Na mwanamke asiyetoa mkono kwa mwanamume huenda anafuata dini yake. Kuweka kiganja kifuani na kusalimia kunatosha. Bidhaa nayo hutolewa kwa mkono wa kulia.

Wakufunzi wa mauzo hupenda kudai kwamba asilimia 93 ya mawasiliano haimo katika maneno. Hesabu hiyo inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu hisia zinazobebwa na neno moja moja, sauti na sura. Hayakuhusu mazungumzo ya biashara.

Kwa hiyo, mfanyabiashara, soma mwili wa mteja ujue wakati wa kusema. Kisha muulize anachotaka, na umtajie bei ya kweli.