Siku moja ya redio ina Kiswahili zaidi ya kimoja

MTAHINIWA wa KCSE anapofika sehemu ya isimujamii katika Karatasi ya Pili, alama 10 humsubiri. Akiulizwa sifa za sajili ya utangazaji wa mpira, ataandika haraka: hutumia msamiati maalumu, hutumia sentensi fupi, huchanganya ndimi, hutumia chuku. Akiulizwa sajili ya matangazo ya vifo, orodha huwa ile ile, ila ‘goli’ sasa limekuwa ‘marehemu’. Nimesahihisha majibu ya aina hii kwa miaka mingi hapa Kisii na sidhani lawama ni za mtoto. Amekariri sifa za kitu ambacho hajakisikia.

Sajili ni lugha jinsi inavyobadilika kulingana na matumizi. Mwanaisimu Michael Halliday aliieleza kwa kuangalia mambo matatu: kinachozungumziwa, uhusiano wa wanaozungumza, na njia inayotumiwa. Nadharia hiyo haina ugumu. Ugumu uko katika mahali pa kuisikia.

Hebu tutafakari hali ya Gusii. Nyumbani ni Ekegusii, kuanzia Nyamira hadi Ogembo. Kiswahili unakipata sokoni, pale Daraja Mbili, unapokutana na Mluo au Mkipsigisi mwenye bidhaa: “Hii ni ngapi? Punguza kidogo bwana.” Ni Kiswahili hai, tena kitamu, lakini ni cha kununua na kuuza. Huwezi kumzika mtu kwacho. Kwa vizazi kadhaa, pengo hilo lilizibwa na Idhaa ya Taifa ya Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 imekuwa chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Mkulima wa majani chai ambaye hakuwa na jirani hata mmoja aliyezaliwa katika Kiswahili aliweza kukisikia kikifanya kazi zake zote, kuanzia alfajiri hadi usiku.

Chukua taarifa ya habari. Vitenzi vyake hupenda kauli ya kutendwa: imeripotiwa, wameagizwa, anatarajiwa. Mtendaji hufichwa, au hutanguliwa na ‘kwa mujibu wa’. Msomaji hana ‘mimi’. Ukavu huo ndio unaoipa habari uzito, na wenye bunduki waliujua. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kuipindua serikali walimchukua Leonard Mambo Mbotela wakampeleka studioni akatangaze. Wangeweza kusema wenyewe, si redio ilikuwa mikononi mwao? Lakini walihitaji sauti ambayo taifa lilikuwa limezoea kuiamini.

Mbotela huyo huyo, aliyefariki Februari 2025, ndiye aliyeendesha ‘Je, Huu ni Ungwana?’ tangu 1966. Tazama anwani yenyewe. Ni swali la balagha: halimtaji mkosaji, halimhukumu, ila kila aliyewahi kupita bila kusalimu anajijua. Vitenzi vya kutendwa vya saa ya habari hapa havifai kitu. Hapa kuna mzee anayekukanya mbele za watu huku akijifanya anamsema mwingine.

Nisemalo zaidi ni juu ya matangazo ya vifo, maana hayo watu waliyasikiliza kwa kunyamaza. Fulani wa Keroka anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Habari hizi ziwafikie fulani aliyeko Kericho, fulani aliyeko Mombasa, na jamaa na marafiki popote walipo. Lichambue neno hilo moja, ‘ziwafikie’. Zi- ni habari, -wa- ni jamaa walio mbali, -fiki- ni kufika kwa ajili ya mtu, na kile kiishio -e ni cha kuomba au kutakia. Tangazo halidai kwamba habari zimefika. Linaomba zifike. Kabla ya simu ya mkononi, ombi hilo halikuwa urembo wa lugha. Aliyekosa kulisikia alikosa mazishi ya mzazi wake.

Jioni ya mpira mambo hugeuka. “Anauchukua pale, anageuka, anampa…” Kitenzi hutangulia, jina la mchezaji hufuata, kwa sababu jicho la mtangazaji huona tendo kabla halijamtambua mtendaji. Hiyo ndiyo sababu ya ‘sentensi fupi’ ambazo mtahiniwa anaziorodhesha bila kujua zilikotoka. Shabana iliporudi Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17, vijana wa hapa walipata sababu mpya ya kuisikiliza sajili hii.

Vipindi vya salamu, pamoja na majina yake ya kujipachika, ningeviandikia makala yake.

Siku hizi masafa ni mengi. Ekegusii ina Egesa FM na pia Minto FM ya KBC, na vifo vyetu vingi hutangazwa huko. Silalamiki. Lugha ya mama imepata sajili ambazo haikuwa nazo hewani. (Na mwanafunzi wa fonolojia apate mfano wa bure: ‘ege-’ katika Egesa na ‘eke-’ katika Ekegusii ni kiambishi kimoja, k hugeuka g mbele ya silabi yenye konsonanti isiyo ghuna. Ni Kanuni ya Dahl hiyo, ndiyo maana kitabu kwetu ni egetabu.) Linalonikera ni kwamba stesheni nyingi za Kiswahili zimebaki na sajili moja kutwa nzima: watangazaji wawili wakicheka, msikilizaji akipiga simu kusimulia ya ndoa yake, Sheng na Kiingereza vikipishana. Mazungumzo ni sajili halali kabisa. Lakini kijana anayesikia hayo tu, siku akipewa kipaza sauti matangani, ataongea kama yuko kwenye kipindi cha asubuhi.

Kwa walimu wenzangu, zoezi ninalolitumia ni hili. Wanafunzi wagawane siku ya idhaa moja, kila mmoja saa yake, wasiandike chochote ila vitenzi. Kisha orodha zibandikwe ukutani bila majina ya vipindi, na darasa libashiri ni ipi ya habari, ipi ya mpira, ipi ya kifo.