Kuku wa Singida katika Jiko la Maikrowevu

Msafiri apitaye Singida kwa basi ni nadra kuondoka bila kuku wa kienyeji. Wengine humnunua akiwa hai. Wengine huchukua aliyekwisha kukaangwa, akafungwa mfukoni na kuwekwa miguuni mwa abiria. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 700. Chakula hufika usiku, hulazwa mezani, na asubuhi hutiwa katika maikrowevu kwa dakika mbili. Familia hula ikiamini kwamba moto umekwisha kuua kila kitu.

Mawimbi ya jiko hili huzitikisa molekuli za maji zilizomo ndani ya chakula, na mtikisiko huo ndio uzaao joto. Hata hivyo, hupenya sentimeta 2 au 3 tu. Nyama iliyo karibu na mfupa husubiri joto lipite polepole kutoka nje. Tena mawimbi hayaenei sawasawa, ndiyo maana sahani ya kioo huzunguka. Paja moja laweza kuunguza ulimi upande huu, na upande wa pili vijidudu vikawa hai.

Basi nyama ikatwe vipande vidogo, ipangwe duara, vilivyo vinene vikae ukingoni. Nyunyiza maji kidogo, funika ukiacha upenyo wa mvuke, na ugeuze vipande katikati ya muda. Jiko likizima, subiri dakika 2 au 3 ili joto lisambae. Shirika la Afya Duniani huagiza kila sehemu ya chakula ifikie nyuzijoto 70 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto apasue kipande kinene kuliko vyote: mvuke utoke ndani, usitoke juu tu.

Chombo kiwe cha kioo kinachohimili joto au cha udongo kisicho na nakshi za dhahabu. Sufuria, sahani za bati na foili hurudisha mawimbi na huweza kutoa cheche. Makopo ya aiskrimu, ambayo hakuna nyumba isiyoyatunza, hayakutengenezwa kwa kazi hii, huyeyuka. Maziwa ya mtoto yasipashwe humo kamwe, kwani chupa huwa vuguvugu ilhali maziwa ya ndani yanachoma.

Lakini kuku wetu wa safarini haponywi na hayo yote. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye hutoka mikononi au puani mwa mwandaaji, huzaliana katika chakula kilichokaa kwenye joto la kawaida na kuacha sumu isiyoharibiwa na upashaji moto. Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa hivyo zaidi ya saa 2. Kuku wa kukaanga na aliwe njiani, angali moto. Wa kupelekea ndugu Dar es Salaam ni afadhali asafiri akiwa hai.

Nasi wahudumu, mgonjwa ajapo akitapika saa chache baada ya kula, tusitosheke na jibu kwamba chakula kilipashwa moto. Tuulize kilikaa wapi kabla ya hapo, na kwa muda gani.